Mashine Huhesabu Picha, Nyumbu Wako Porini

Kwa karibu nusu karne Serengeti imetajwa sambamba na namba moja: nyumbu milioni 1.3. Imo katika vipeperushi vya utalii, imo katika filamu za wanyama, na waongoza watalii wameikariri. Mwaka 2025 ikatoka namba nyingine. Timu iliyoongozwa na mtafiti Isla Duporge ilizipa programu za akili mnemba picha za setilaiti zilizopigwa Agosti 2022 na Agosti 2023, juu ya zaidi ya kilomita za mraba 4,000 za malisho ya kiangazi katika ikolojia ya Serengeti na Mara. Jibu lililotoka: nyumbu hawafiki 600,000.

Ukisikia namba hizo mbili kwa haraka utadhani moja kati ya mambo mawili: ama nusu ya nyumbu wamekufa pasipo mtu kujua, ama waliohesabu zamani walikuwa wanabahatisha. Sikubaliani na lolote kati ya hayo. Akili mnemba haikuleta mgogoro mpya hapo Serengeti. Imefufua swali lililokuwapo tangu hesabu ya kwanza.

Hesabu hiyo ya mwanzo ilifanywa na Wajerumani wawili, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, mwaka 1958. Walirusha ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya pundamilia, wakahesabu kwa macho. Wakapata nyumbu 99,481. Ile 81 ya mwisho hunichekesha kila nikiiona: watu wawili angani, chini yao nyanda zenye vumbi na makundi yanayokimbia, nao wanakujibu hadi mnyama mmoja mmoja. Michael hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Ndege yao iligongana na tumbusi Januari 1959 naye akafa. Mwaka 1961 hesabu nyingine ikaonyesha nyumbu 263,000 hivi, na kufikia mwaka 1977 wakafika milioni 1.3. Sehemu ya tofauti ilitokana na mbinu, lakini ongezeko lenyewe lilikuwa la kweli, na chanzo chake kilikuwa sotoka. Ugonjwa huo ulioingia Afrika Mashariki miaka ya 1890 uliua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Ng'ombe wa wafugaji wanaozunguka hifadhi walipochanjwa, ugonjwa ukakatika hata porini mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ndama wa nyumbu wakaanza kuishi. Mengi husemwa kuhusu mifugo kuharibu hifadhi. Kwamba chanjo ya mifugo ndiyo iliyoijaza Serengeti nyumbu husemwa kwa nadra.

Hesabu zilizofuata zilitumia sampuli. Wakati wa mvua nyumbu huteremka kuzaa kwenye nyanda za nyasi fupi za kusini, mahali pasipo miti ya kuwaficha. Ndege hupita kwa mistari sambamba, kamera iliyofungwa chini yake ikipiga picha kila baada ya muda maalumu, kisha watu hukaa mezani na kuhesabu nyumbu waliomo. Wastani unaopatikana huzidishwa kwa ukubwa wa eneo lote. Ni njia nzuri, ila ina udhaifu unaojulikana: nyumbu hawakai kwa kusambaa sawasawa. Mstari wa ndege ukipita pembeni mwa kundi kubwa, maelfu kwa maelfu hupotea katika hesabu. Ukipita katikati yake, hesabu huvimba.

Setilaiti inaondoa kasoro hiyo kwa kupiga picha eneo zima bila kuruka kipande. Inaleta yake. Katika picha zilizotumika, kila nukta, yaani pikseli, ilifunika kati ya sentimita 33 na 60 za ardhi. Nyumbu mzima ana urefu wa mita mbili hivi, kwa hiyo huonekana kama doa la pikseli chache, na kivuli chake ubavuni asubuhi au jioni. Hana pembe wala ndevu. Kichuguu kidogo hufanana naye, kichaka hufanana naye, na pundamilia aliyesimama katikati ya kundi ni doa kama madoa mengine.

Programu hufundishwaje kumtambua? Kwanza watu wenye ujuzi hukaa na picha na kuweka alama juu ya maelfu ya nyumbu, mmoja mmoja. Programu huoneshwa kipande cha picha, hukisia, hulinganishwa na alama za watu, na kila inapokosea namba zilizomo ndani yake hurekebishwa kidogo. Hilo hurudiwa mara nyingi mno mpaka makosa yapungue. Mwisho wake programu haijui nyumbu ni nini. Inajua mpangilio wa weusi na weupe ambao walimu wake waliuita nyumbu. Kilichowashinda walimu kukiona hakikufundishwa.

Makosa yanayobaki ni ya namna mbili: kukiita kichuguu nyumbu, na kumpita nyumbu aliyepo. Hatari yake ni kwamba yanaweza kufutana. Vichuguu elfu kumi vikihesabiwa na nyumbu elfu kumi wakikosekana, jumla itatoka safi kabisa na hakuna atakayeshtuka. Ndiyo maana jumla peke yake hainishawishi. Katika utafiti huo wa 2025 angalau programu mbili za aina tofauti zilipewa picha zilezile, na majibu yake yakakaribiana: nyumbu laki tatu na ushee katika picha za 2022, laki tano na ushee katika zile za 2023.

Na kuna wale ambao hakuna programu itakayowahesabu, kwa kuwa hawamo kwenye picha. Nyumbu aliye chini ya mgunga saa sita mchana haonekani kutoka angani. Kundi lililobaki nje ya mpaka wa picha siku hiyo halikuonekana. Watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba namba yao si ushahidi wa vifo vya halaiki. Huenda wanyama wamebadili njia na majira. Kwa hiyo tuna kipimo cha masika kutoka ndege na kipimo cha kiangazi kutoka setilaiti, mahali tofauti, mwezi tofauti. Nionavyo, faida kubwa ya hesabu hii mpya ni kulazimisha vipimo hivyo viwili vifanywe kwa wakati mmoja, juu ya kundi lilelile. Kabla ya hapo, mwenye kuchagua namba mojawapo na kuiita ukweli anachagua anayoipenda.

Kamera zilizotegwa ardhini zina historia ndefu zaidi na mashine hizi, na Serengeti ndiyo iliyokuwa darasa. Kuanzia mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walifunga kamera 225 kwenye miti na nguzo katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Kamera hizo hujiwasha zenyewe zikihisi joto na mwendo. Bahati mbaya, nyasi zilizopashwa na jua zikipeperushwa na upepo nazo zina joto na mwendo. Takriban robo tatu ya picha zilikuwa nyasi tupu. Mamilioni ya picha yalipowekwa mtandaoni, zaidi ya watu 28,000 waliojiandikisha, na wengine wengi wasiojiandikisha, walizipitia kwa kujitolea: huyu kongoni, huyu nyamera, hapa hakuna kitu.

Majibu ya watu hao ndiyo yakawa vitabu vya kufundishia. Mwaka 2018 kikundi cha wanasayansi wa kompyuta kilionyesha kwamba programu iliyosomea picha milioni 3.2 za Serengeti iliweza kutambua aina 48 za wanyama na kufanya yenyewe asilimia 99.3 ya kazi kwa usahihi uleule wa wale wanaojitolea, asilimia 96.6. Muda uliookolewa ulikadiriwa kuzidi saa 17,000. Wengi walionukuu utafiti huo walisimama hapo. Kwangu, kilicho kizito ni ile asilimia ndogo iliyobaki: programu iliruhusiwa kusema sina hakika, na picha hizo zikarudishwa kwa watu. Programu ambayo ina jibu kwa kila picha ingenitia wasiwasi.

Tena asilimia ya jumla huficha wanyonge. Picha nyingi za Serengeti ni nyumbu, pundamilia na swala tomi. Programu ikiwajua hao watatu tu tayari ina alama za juu. Kicheche, anayepita mbele ya kamera mara chache mno, programu huwa haijapata mifano ya kutosha ya kumsomea. Na kwa kawaida mnyama tunayemtafuta kwa wasiwasi ndiye huyo adimu.

Mwaka huohuo 2018 Sara Beery na wenzake wa California walitoa onyo jingine. Walichukua programu zilizofanya vizuri kwenye kamera zilizosomea, wakazipeleka kwenye kamera mpya za eneo hilohilo la kusini magharibi mwa Marekani, na usahihi ukashuka. Programu zilikuwa zimekariri mandhari pamoja na mnyama. Mfano wao ni ng'ombe: programu iliyomzoea ng'ombe kwenye majani hushindwa kumtambua akiwa ufukweni. Msomaji wa Zanzibar atatabasamu hapo, maana kwake ng'ombe kulala mchangani kando ya maji ni jambo la kila jioni. Lakini ndiyo hoja yenyewe. Aliyefundisha programu hakupata kuishi Nungwi. Baada ya hapo Beery alishiriki kutengeneza MegaDetector, programu isiyojaribu kutaja jina la mnyama. Inasema tu: hapa pana mnyama, hapa pana mtu, hapa pana gari, hapa hapana kitu. Swali likishapunguzwa hivyo, hufanya kazi vizuri hata mahali isipopajua, na kazi ya kutaja aina inabaki kwa mtu anayezijua.

Mashine hung'ara pale swali lilipo jembamba, na mfano ninaoupenda uko baharini. Karibu na Kilindoni, kisiwani Mafia, papa potwe huja kula uduvi, na wavuvi wa dagaa wamewazoea kiasi cha kutupa nyavu kuwazunguka. Kila papa potwe ana madoadoa meupe mgongoni na ubavuni, na mpangilio wake haufanani na wa mwingine. Mwaka 2005 Zaven Arzoumanian, Jason Holmberg na Brad Norman walichapisha njia ya kuyalinganisha kwa kutumia hesabu ya wanaastronomia: chukua nukta tatu tatu, unda pembetatu, linganisha umbo la pembetatu za picha hii na ile. Hesabu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya kutambua nyota katika picha za anga. Sasa picha ya mtalii aliyepiga mbizi, ya ubavu wa kushoto nyuma ya matamvua, inatosha kumjua papa huyo kama alishaonekana, wapi na lini. Programu haiulizwi papa ni wangapi duniani. Inaulizwa: hawa wawili ni mmoja?

Kenya ilitumia swali hilohilo kuhesabu pundamilia wa Grevy, wale wenye milia myembamba na masikio ya duara, ambao zaidi ya asilimia 90 ya waliosalia duniani wako kaskazini mwa nchi hiyo. Januari 2016 mamia ya watu wa kawaida, wafugaji na askari wa wanyamapori wakiwemo, walizunguka kwa siku mbili wakipiga picha ubavu wa kulia wa kila pundamilia waliyemkuta. Kompyuta ikalinganisha milia. Ukikuta wengi wa siku ya pili ni walewale wa jana, ujue karibu umewamaliza. Ukikuta wengi ni wageni, bado kuna wengi hujawaona. Kwa njia hiyo idadi ya Kenya ilikadiriwa kuwa 2,350, na mwaka 2018 zoezi likarudiwa. Hesabu ya namna hii hukupa na ukubwa wa shaka yako, kitu ambacho kuhesabu vichwa mara moja hakikupi.

Kuhusu ujangili nitasema kwa ufupi, kwa sababu sifa zake hutangulia ushahidi. Kamera za TrailGuard, zilizojaribiwa Grumeti magharibi mwa Serengeti, hufichwa kwenye vijia na kutuma picha kituoni mtu anapopita. Toleo la awali lilisaidia kukamatwa kwa watu 30. Katika toleo jipya akili mnemba imo ndani ya kamera yenyewe, na kazi yake kubwa ni kunyamaza: tembo akipita, swala akipita, isitume kitu, betri isikwishe na askari wasichoshwe na kengele za uongo. Lakini kamera inayomtambua mtu haijui nia yake. Mama anayetafuta kuni na kijana anayefuata mbuzi waliopotea nao ni watu kijiani. Picha zao zinahifadhiwa na nani, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuziona? Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Sioni sababu kwa nini vijiji vinavyopakana na hifadhi visiulize maswali hayo kabla kamera hazijafungwa.

Jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayopelekewa programu ya kutambua wanyama kwenye picha, na zinapelekwa nyingi siku hizi, ina jaribio moja rahisi la kufanya kabla ya kutia sahihi. Ichukue picha mia kadhaa kutoka kamera zake yenyewe, si za mwuzaji. Watu wawili wanaowajua wanyama wa pale wazitaje kila mmoja peke yake, na pale wanapotofautiana waketi wakubaliane. Kisha programu ipewe picha hizohizo. Usiangaliwe wastani. Iangaliwe aina moja moja, kwa kuanzia na ile ambayo jumuiya inaihofia zaidi, maana asilimia 95 inaweza kuwa nyumbu na pundamilia watupu huku kila mbwa mwitu akiwa ameitwa fisi. Na jaribio lifanywe masika, lirudiwe kiangazi, kwa kuwa nyasi zikibadilika rangi programu huwa mgeni tena.