Je, Wajua? Bustani ya Mungu Iko Kitulo

Je, wajua kwamba Tanzania ina hifadhi ya taifa iliyotengwa kwa ajili ya maua? Ni Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, katika mikoa ya Njombe na Mbeya. Ilianzishwa rasmi mwaka 2005 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 412.9. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wanaiita Serengeti ya Maua.

Je, wajua idadi ya kona za kupanda huko? Ukitokea Chimala kwenda Matamba ni 57, na mlima wenyewe unajulikana kwa jina la Hamsini na Saba. Ukishafika juu, geuka nyuma uone: Bonde la Usangu lote limetandazwa chini yako.

Je, wajua kwamba Kitulo inatembewa kwa miguu? Wanyama wakubwa ni wachache, kwa hiyo siku nzima unatembea kwenye nyasi bila kufungiwa ndani ya gari. Uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na kilele cha Mtorwi kinafika mita 2,961. Pumzi itapungua, nenda taratibu. Sweta ni lazima: Juni na Julai majani huamka na sakitu.

Je, wajua kuna nini kwenye nyasi hizo? Aina zipatazo 350 za mimea, 45 kati yake zikiwa okidi za ardhini. Chuchumaa karibu na okidi ya jamii ya *Satyrium* uitazame vizuri. Nyuma ya kila kiua vinaning'inia vijimirija viwili vyembamba, ndimo inamokaa nekta inayowaita wadudu. Ni kazi ya ufundi mkubwa kwenye kitu kisichozidi ukucha, na mtu aliyeko ndani ya gari hawezi kuiona.

Je, wajua kwamba okidi hizi zinaliwa? Viazi vyake hutwangwa, vikachanganywa na karanga na kupikwa kuwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia. Biashara ya viazi hivyo ndiyo iliyoitikisa Kitulo. Okidi huwa na viazi viwili: kimoja kimechoka kwa kulisha ua la mwaka huu, kingine kigumu ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji hukitaka hicho kigumu. Kikishang'olewa, mmea umekwisha. Mbegu nazo ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kuota bila kuvu maalumu wa udongoni. Aliyechimba leo hawezi kuzipanda tena kesho.

Je, wamjua kipunji? Kima huyu wa misitu ya Rungwe na Livingstone alitambuliwa na wanasayansi mwaka 2003 tu. Sehemu ya msitu wa Livingstone imo ndani ya hifadhi hii.

Je, wajua kwamba maji ya Kitulo yanafika mbali? Vijito vyake huingia Ruaha Mkuu, mto unaolisha mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu.

Maua hushamiri kati ya Desemba na Aprili, ambao ndio msimu wa mvua. Vaa viatu visivyopitisha maji, anza asubuhi na mapema, na ukiuziwa viazi vya okidi popote pale, usinunue.