Mama Beko na deni lake

Mwezi uliopita ripoti ya kikundi chetu ilikuwa na mama ambaye hakuna anayemjua. Jina lake Beko, na ana deni. Tulimtafuta katika daftari, hayuko. Kisha mtunza feza akaanza kucheka hadi machozi. Katibu alikuwa ameandika kama tunavyosema hapa Lubumbashi, "ba mama saba beko na deni", na akili bandia iliyotafsiri kwa Kifaransa ikaona Beko ni mtu. Chini kidogo, AVEC yetu ya kuweka na kukopeshana ilikuwa imegeuka lile neno la Kifaransa la kusema "pamoja na".

Tulicheka, lakini karatasi ile ilikuwa tayari kwenda kwa wafadhili.

Kila siku ya Posho tunafungua sanduku lenye kufuli tatu, funguo ziko kwa wamama watatu, na feza zinahesabiwa mbele ya wote. Kazi hiyo tunaiweza. Iliyotushinda ni maandishi: wafadhili wanasoma Kifaransa, sisi tunazungumza Kiswahili, na katibu alikuwa anakesha na kalamu wakati watoto wamelala. Sasa anasema ndani ya telefone, mashini inapanga maneno na kuyatafsiri. Mega tunachangia.

Baada ya Beko tulibadilisha mambo. Katibu anatumia Kiswahili cha shuleni, si cha barabarani, na anaandika "kikundi cha akiba" badala ya AVEC. Hesabu hatuiachii mashini hata kidogo, kwa sababu inaweza kutoa jumla isiyo ya kweli bila kusitasita. Mtunza feza anapiga kalkileta, tunanakili kutoka daftari. Mwalimu mmoja kati yetu anakagua Kifaransa, kisha ripoti inarudishwa kwa Kiswahili na kusomwa kwa sauti mbele ya wote.

Hapo ndipo tulipopata faida ambayo hatukuitafuta. Wamama wakubwa walisema hawajawahi kusikia kinachoandikwa kwa jina lao. Ripoti ilisema mikopo ilikuza biashara. Mama anayeuza unga akasimama: "Mimi mkopo wangu ulilipa hospitali ya mtoto. Biashara gani? Andikeni hivyo." Tukaandika hivyo. Kama wafadhili hawatafurahi, tutajua, lakini hatukusema uongo.

Kosa lingine halikutuchekesha. Mmoja wetu, kwa haraka, alipiga picha ukurasa wa mfuko wa mshikamano na kuutuma wote kwa mashini ili aupate umepangwa vizuri. Ukurasa ule una majina, na kando ya kila jina sababu ya msaada. Mama mmoja alikuwa ametuambia mambo ya nyumbani kwake ambayo hakumwambia hata dada yake. Aliposikia, aliuliza swali moja: "Nani mwingine amesoma?" Hatukuwa na jibu. Unachokiingiza mle kinakwenda kwenye kompyuta za kampuni iliyo mbali, na pengine kinatumika kuifundisha mashini yenyewe. Inchi yetu ina sheria ya numeriki, ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za mtu binafsi. Lakini aibu ya siku ile haikutoka katika sheria. Tulimwomba msamaha mbele ya kikundi, naye akakubali, ingawa kwa wiki mbili alikaa karibu na mlango.

Tangu hapo kila mama ana namba. Mashini inaona "mama 14, msaada wa matibabu", basi. Karatasi inayosema namba 14 ni nani inalala ndani ya sanduku, chini ya kufuli tatu, pamoja na feza.

Vikundi vinavyotaka kuona tunavyofanya vinakaribishwa siku ya Posho, saa nane mchana. Mje na telefone yenye moto, na daftari lenu lisilo na majina.