KWA NINI FEZA INAGEUKA NYEUSI NDANI YA SANDUKU?

Safari hii tunataka kueleza jambo moja lililotupatia haya kubwa, tena likatufundisha.

Munakumbuka kama tuliomba wazee watuazime makuta ya zamani kwa maonyesho ya historia. Tulipata sarafu za shaba za 1888, zenye tundu katikati, za wakati wa mfalme Léopold II. Tulipata franka 50 ya 1944 yenye picha ya tembo, tena franka 5 ya Katanga ya 1961 yenye ule msalaba wa shaba. Kila moja tuliitia ndani ya bahasha ya kaki, tukaandika jina la mwenyewe, tukafunga na mpira, halafu tukapanga yote ndani ya sanduku la mbao juu ya kipande cha bulanketi. Tuliona tumechunga vizuri kabisa.

Mvua ikapita. Siku ya kurudisha, mzee mmoja wa kanisa alifungua bahasha yake, akanyamaza, halafu akasema: «Wanangu, hii si makuta yangu. Yangu ilikuwa nyeupe.» Ile franka 50 aliachiwa na baba yake. Sasa ilikuwa manjano pembeni, buluu kidogo, na mstari mweusi ulipita katikati. Tulielewa kama anafikiri tumebadilisha. Ndipo mmoja wetu akamwonyesha ule mgongo mdogo karibu na sikio la tembo, ambao yeye mwenyewe alituambia habari yake. Akaitambua. Lakini aliuliza: «Basi mumeifanya nini?» Tulikosa jibu, tukaenda kulitafuta.

Jibu ni hili. Feza haili kutu sawa chuma. Adui yake ni kiberiti, ile dawa ya manjano tunayoisoma katika Biblia pamoja na moto. Hewa yenye kiberiti hata kidogo sana ikigusa feza, vinaungana na kufanya ngozi mpya juu yake. Mwanzo ngozi ile ni nyembamba kuliko unywele mara elfu na zaidi, na mwangaza ukiipiga unatoa rangi, sawasawa na mafuta ya gari juu ya maji ya barabara. Inaanza na manjano, inafuata nyekundu, halafu buluu, na ikizidi kunenepa inakuwa nyeusi.

Na kiberiti kilitoka wapi? Sisi wenyewe ndio tuliokitia. Mpira unapikwa na kiberiti ili upate nguvu: ndiyo sababu mstari mweusi ulifuata njia ya mpira, hata kama karatasi ilikuwa katikati. Sufu ya bulanketi iko na kiberiti ndani yake. Karatasi ya kaki na ya magazeti mara nyingi iko na kiberiti na asidi. Mbao nazo zinatoa mvuke wa asidi sawa ile ya siki, unaodhuru shaba na risasi. Unyevu wa mvua ukaharakisha kazi yote.

Kuko adui mwingine: plastiki laini inayoitwa PVC. Inatiwa mafuta ili ikunjike, na mafuta yale yanatoka polepole. Tena plastiki yenyewe inatoa asidi ya klorini, na shaba inapata uchafu wa kijani unaonata, unaokula sarafu kabisa. Kuitambua si nguvu: choma waya wa shaba mpaka uwe mwekundu, gusisha plastiki, rudisha ndani ya moto. Mwali ukiwa kijani, klorini iko. Mufanye hivyo inje pamoja na mwalimu, na musivute ule moshi.

Sasa, tuchunge namna gani? Shika sarafu pembeni, kwa maana jasho la vidole lina chumvi. Itie ndani ya plastiki ya polietileni, polipropileni au poliesta. Kisha weka yote ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, pamoja na vile vifuko vidogo vya kukausha vinavyotoka ndani ya makopo ya dawa. Mpira, bulanketi na gazeti vikae mbali.

Na iliyokwisha kugeuka? Tafazali, usiisugue! Mwenzetu mmoja alisugua sarafu yake mwenyewe na majivu na ndimu. Iling’aa sana, lakini tulipoitazama vizuri, mikunjo ya ngozi ya tembo ilikuwa imekwisha. Ile rangi nyeusi ni feza yenyewe iliyoungana na kiberiti: ukiiondoa, umeondoa sehemu ya sarafu. Watu wanaokusanya sarafu wanapunguza sana bei ya ile iliyosuguliwa, lakini rangi iliyokuja yenyewe, ikiwa nzuri, wengine wanaipenda.

Tulirudi kwa mzee na kumweleza yote, bila kuficha kama kosa ni letu. Alisikiliza, akaitia ndani ya chupa tuliyomletea. Akacheka: «Kumbe wizi hakuna, ni mpira tu.»

Ndugu, Bwana Yesu alikwisha kutuonya juu ya hazina za dunia na kutu. Lakini kitu cha mwenzako ukikiazima, ukichunge kwa akili, si kwa moyo mwema peke yake. Moyo mwema tulikuwa nao.