Tangi la Siklidi Nyumbani: Kemia, Fizikia na Biolojia Katika Chombo Kimoja

Maji ya visima vingi vya kanda ya kati hayapendwi na wafuaji. Sabuni hutoa utando mweupe badala ya povu, na birika hujenga ukoko ndani. Kwa hiyo mwanafunzi wa Mpwapwa huweza kuyajua maji magumu hata kabla hajayasoma darasani. Wapo, hata hivyo, viumbe wanaoyahitaji maji ya namna hiyo: siklidi wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Mada hii inaeleza namna ya kuandaa tangi la kioo la kuwafuga nyumbani. Isome ukiwa na lengo moja, nalo ni kujua kwa nini kila hatua inafanyika. Swali linalotoa hali halisi humpa alama mtahiniwa anayetaja sababu, si yule anayeorodhesha vifaa tu.

1. Siklidi ni samaki gani?

Siklidi ni samaki wa familia ya Cichlidae. Sato na perege tunaowala ni wa familia hiyo hiyo. Ziwa Tanganyika lina spishi zaidi ya 200 za siklidi, na Ziwa Nyasa lina mamia. Karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Sababu ni mageuko: samaki wachache wa mwanzo walienea katika miamba, mchanga na maji ya kina, wakala vyakula tofauti, na uteuzi asilia ukazaa spishi nyingi kutokana na hao wachache.

Mifano miwili inatosha. Neolamprologus multifasciatus wa Tanganyika, ambaye kwa kawaida hazidi sentimeta 5, huishi na kutaga mayai ndani ya magamba matupu ya konokono. Labidochromis caeruleus wa Nyasa ni wa rangi ya njano. Jike hubeba mayai na watoto kinywani kwa muda wa wiki tatu hivi. Anayeanza achague samaki wa ziwa moja tu, kwa sababu chakula, ukubwa na ukali wao hutofautiana.

2. Tangi na kanieneo

Chukua tangi lenye urefu wa sm 90, upana wa sm 40, na maji yenye kina cha sm 40.

Ujazo wa maji = 90 × 40 × 40 = 144,000 cm³ = lita 144.

Kwa kuwa densiti ya maji ni 1 g/cm³, maji peke yake ni kilo 144, kabla ya kuongeza kioo, mchanga na mawe. Meza ya kawaida ya sebuleni haifai. Tengeneza kichanja imara kilichonyooka sawasawa.

Kanieneo ya maji chini ya tangi = densiti × g × kina = 1,000 × 10 × 0.4 = 4,000 N/m².

Juu ya maji kanieneo hiyo ni sifuri, hivyo wastani wake kwenye kioo cha mbele ni 2,000 N/m². Eneo linaloguswa na maji ni 0.9 × 0.4 = 0.36 m². Basi kani inayosukuma kioo ni 2,000 × 0.36 = 720 N, sawa na uzito wa mtu wa kilo 72 anayekiegemea usiku na mchana. Ndiyo maana kioo chembamba cha dirisha hakitumiki. Kumbuka pia kwamba kanieneo hutegemea kina cha maji, si wingi wake.

3. Maji: ugumu na pH

Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na ya Ziwa Nyasa ni 8 na zaidi kidogo. Yote ni ya alikali.

Watahiniwa wengi huchanganya maji magumu na maji ya chumvi. Ugumu huletwa na ayoni za kalsiamu na magnesiamu. Sodiamu kloridi huyapa maji ladha ya chumvi, lakini haileti ugumu. Kwa hiyo usiamue kwa kuonja. Pima ugumu kwa sabuni na pH kwa karatasi ya kupimia.

Usichemshe maji ya tangi ukidhani unayasafisha. Kuchemsha huondoa ugumu wa muda:

Ca(HCO₃)₂ → CaCO₃ + H₂O + CO₂

Kalsiamu kabonati hubaki kama ukoko, na oksijeni iliyoyeyuka hutoka. Kama ni maji ya bomba yaliyotiwa klorini, yaache katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 ili klorini itoke, maana huunguza matamvua ya samaki.

4. Amonia: hatua inayoua samaki wengi

Tangi jipya huonekana safi, na hapo ndipo mfugaji hudanganyika. Samaki hutoa amonia, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Ziwani amonia hiyo hupotea katika maji mengi. Katika lita 144 haina pa kwenda.

Kinachookoa ni bakteria. Kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ina madhara madogo. Huu ni mzunguko wa naitrojeni unaoufahamu katika udongo, sasa ukifanyika ndani ya kichujio. Bakteria hao huhitaji takribani wiki nne hadi sita kuongezeka.

Wafugaji wa siklidi wana sababu ya ziada ya kusubiri:

NH₄⁺ + OH⁻ ⇌ NH₃ + H₂O

pH ikipanda, msawazo huelekea kulia, kwenye NH₃ iliyo sumu kali. Kwa nyuzi joto 25, katika pH 7 sehemu ya NH₃ haifiki 1 kati ya 100. Katika pH 8.5 hukaribia 15 kati ya 100. Maji yale yale yanayomfaa siklidi ndiyo yanayoikoleza sumu yake.

Utaratibu ni huu: washa kichujio, tia chembe chache za chakula kila siku bila samaki, kisha pima. Amonia na nitriti zikipanda na baadaye kushuka hadi sifuri, weka samaki wachache, na wengine baadaye. Kila wiki badilisha robo ya maji ili kupunguza nitrati. Sifongo ya kichujio isuuze kwa maji yaliyotoka tangini. Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria wako.

5. Joto na oksijeni

Siklidi hawa wanahitaji nyuzi joto 24 hadi 27. Usiku wa Juni na Julai Mpwapwa ni baridi, hivyo hita na kipimajoto ni vya lazima. Umeme ukikatika, samaki na bakteria hukosa oksijeni pamoja. Chota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina tena kutoka juu mara kwa mara, na usiwape chakula hadi umeme urudi.

6. Wajibu wa mfugaji

Nunua samaki kwa muuzaji mwenye leseni; uvuvi na biashara ya samaki husimamiwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Ukishindwa kuwatunza, mtafutie samaki mfugaji mwingine. Usiwamwage Mtera wala katika lambo la kijiji. Sangara alipandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 spishi nyingi za furu, ambao ni siklidi, zilikuwa zimetoweka au kubaki chache sana.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini kuchemsha maji huondoa ugumu wa muda. Andika mlinganyo.
2. Tangi la pili lina upana wa sm 80, lakini urefu na kina cha maji havikubadilika. Je, kani kwenye kioo cha mbele itaongezeka? Toa sababu.
3. Samaki kumi waliwekwa katika tangi lenye pH 8.5 siku lilipojazwa maji, wakafa baada ya siku chache ingawa walilishwa vizuri. Fafanua chanzo kwa kutumia mzunguko wa naitrojeni.
4. Kwa kutumia mfano wa siklidi, eleza jinsi spishi nyingi zinavyoweza kutokana na wahenga wachache.