Gemu liligoma, kumbe kompyuta ndiyo mgonjwa

MARA tatu nilijaribu kuweka gemu kwenye kompyuta ya nyumbani, na mara tatu liligoma lilipofika kama asilimia 80. Kidirisha kilitokea kikitaja ISDone.dll na Unarc.dll.

"Mjomba, zima antivirusi. Wenzangu wote huzima," akasema mpwa wangu, aliyekuwa akisubiri kucheza tangu asubuhi.

Nilikataa. Gemu lenyewe lilikuwa limebanwa ili lipungue ukubwa, nasi tulilinakili kutoka kwa rafiki. Faili za namna hiyo hupita mikono mingi, na anayezima ulinzi ili aziweke humfungulia mwizi mlango.

Majina yale mawili ni ya programu ndogo zinazofungua faili zilizobanwa. Kompyuta husoma kipande, hukipanua kwenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kisha hukiandika kwenye diski. Palipo na hitilafu katika hatua yoyote, kazi husimama.

Kwa hiyo nilianza na diski. Gemu la gigabaiti 18 lilihitaji 45 likishafunguliwa, na nafasi ilikuwepo. Nikakagua faili kwa amri ya certutil -hashfile, nikilinganisha namba yake na ya nakala ya rafiki yetu. Zilifanana, kwa hiyo faili halikuharibika njiani.

Ikabaki RAM. Niliandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows, kompyuta ikajizima na kuwaka, ikajipima. Jibu: kumbukumbu ina kasoro. Nilichomoa umeme, nikatoa kijiti kimoja kati ya viwili, nikapima tena. Safari hii haikulalamika. Gemu likaingia hadi mwisho.

Lilipofunguliwa lilidai kuwa halioni MSVCP140.dll. Hapa wengi hupakua faili hilo peke yake kutoka popote walikolikuta. Dawa yake ni kuweka kifurushi kizima cha Visual C++ kutoka kwa Microsoft wenyewe.

Mpwa wangu akacheza. Mimi nikaenda kufungua picha za harusi ya mdogo wangu, nilizonakili mwezi ule. Nyingi zilikuwa zimekatika nusu, nami siku zote nilikuwa nikiilaumu kamera. Bahati njema, kadi yake ilikuwa haijafutwa.

Msomaji, gemu likikugomea, usikimbilie kulilaumu. Huenda linakuonya kuhusu mambo mengine yaliyomo humo.