Ramani za Wanafunzi na Lugha ya Wachimbaji katika Ukanda wa Dhahabu

Miji mingi ya dunia siku hizi yajaribu kuendesha shughuli zake kwa msaada wa kompyuta, simu na picha zipigwazo kutoka angani. Kwa Kiswahili miji ya namna hiyo imeanza kuitwa "miji janja", kwa kufuata mfano wa "simu janja", jina ambalo limekwisha kuenea. Yafaa kusema mapema kwamba jina hili halikupata bahati njema. Ujanja haujaacha kunuka hila, na mkazi wa Geita akiambiwa kuwa mji wake utafanywa kuwa janja, ana haki ya kuuliza ni nani atakayefanyiwa ujanja huo. Walakini jambo lenyewe ni jema na lastahili kuchunguzwa, hasa upande wake mmoja: ule ushirika wa vyuo na halmashauri za miji, ambamo wanafunzi hutoka darasani na kwenda kuupima mji, kuuandika na kuuchora.

Katika Tanzania ushirika huo ulikomaa kwanza Dar es Salaam. Mwaka 2011 wanafunzi na wenyeji walichora pamoja ramani ya Tandale. Mwaka 2015 ulianza mradi mkubwa zaidi ulioitwa Ramani Huria, ambao uliwakutanisha Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia, serikali za mitaa za jiji, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi. Kilichousukuma mradi huo ni mafuriko, kwa maana jiji lilikuwa limekua upesi kupita ramani zake, na mitaro ya mabondeni haikuwa imeandikwa mahali popote. Wanafunzi walipita mtaa kwa mtaa pamoja na wenyeji, wakiandika majumba, njia na mitaro, na yote yakatiwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote aweza kuitumia na kuisahihisha bila malipo. Zanzibar, tangu mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifunzwa kurusha droni, ambazo wengine huziita ndege nyuki, ili kupiga picha za Unguja na Pemba kwa ajili ya Kamisheni ya Ardhi. Huko Mara nako, kuanzia mwaka 2015, watu wa kujitolea waliandika vijiji katika ramani hiyo hiyo ya dunia ili wanaowaokoa wasichana na ukeketaji wajue njia ya kufika.

Jambo moja lililoonekana Dar es Salaam lawahusu moja kwa moja wataalamu wa lugha. Mtaa una mipaka katika sheria, lakini mpaka huo mara nyingi haujulikani vema hata na wakaao pembeni yake. Kinachojulikana ni shina, ambalo asili yake ni mpango wa nyumba kumi kumi wa TANU wa miaka ya 1960. Mjumbe wa shina azijua nyumba zake zote, na ajua ni zipi ziingiazo maji. Hivyo waliochora ramani walilazimika kushuka hadi kwenye neno la watu, wakaliandika shina na mipaka yake, ingawa si daraja la serikali. Ramani ikawa na manufaa hasa ilipokubali mgawanyo ambao watu wenyewe walikuwa wakiutumia kuongea.

Sasa na tuseme njia hiyo yahamishiwa Shinyanga na Geita. Nchi hii ni ya madini tangu zamani. Almasi ya Mwadui ilianza kuchimbwa mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa kisasa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni ya migodi hiyo, na katika sehemu nyingi zisizo na kampuni yoyote, wamo wachimbaji wadogo kwa maelfu. Inaposikika kuwa dhahabu imeonekana mahali, watu hukimbilia huko kwa siku chache. Mkimbilio huo huitwa rashi, neno lililotoka katika Kiingereza na kupata uraia kamili. Rashi huzaa mji kabla halmashauri haijajua kuwa pana mji. Kwa hiyo hapana mahali panapohitaji zaidi ramani ya upesi, iliyochorwa na vijana wenye miguu na simu. Wala hapana mahali ambapo kijana huyo atapotezwa upesi zaidi na maneno.

Mfano ulio bora ni neno duara. Katika kamusi ni umbo la mviringo. Katika machimbo ni shimo lichimbwalo kwa mikono, liendalo chini wima hadi kuupata mwamba wenye dhahabu, kisha hugeuka na kuufuata mwamba huo ubavuni, likishikiliwa na miti iitwayo matimba. Huenda jina lilitokana na umbo la mdomo wa shimo, lakini midomo mingi iliyofungwa kwa matimba ina pembe nne, na hakuna anayeona ajabu kuiita duara. Maana imekwisha kuliacha umbo. Tena haikuishia hapo: duara ni shimo pamoja na umoja wa watu walihusulo. Yupo mwenye leseni, yupo mwenye shamba, yupo mwenye duara, na wapo wachimbaji, na mawe yatokayo chini hugawanywa baina yao kwa mapatano. Mtu asemapo "duara langu" aeleza mahali, mali na watu kwa neno moja.

Mwanafunzi aliyekaa na kompyuta hana nafasi ya kuandika hayo. Katika OpenStreetMap jina la mahali laweza kuandikwa kwa lugha yoyote, lakini aina ya kitu huandikwa kwa maneno maalumu ya Kiingereza. Hapo ataona neno moja lenye maana ya machimbo ya juu ya ardhi, jingine la tundu la wima la kushukia mgodini, na la tatu la mlango wa ulalo. Duara ni la pili juani na linafanana na la tatu likiwa chini. Akichagua la kwanza, kama ilivyo rahisi kufanya kwa kutazama picha ya angani, eneo lote litakuwa doa moja lisilo na watu wala kina.

Hasara ya kosa hilo huonekana siku ya ajali. Oktoba 2015 mgodi wa wachimbaji wadogo huko Nyangalata, Kahama, uliporomoka, na watu watano wakatolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Wachimbaji wenzao ndio waliozisikia sauti zao. Agosti 2025 watu 25 walifukiwa huko Nyandolwa, mkoani Shinyanga. Katika ajali za namna hii maswali ya kwanza ya waokoaji ni yale yale: ni duara gani, ni la nani, linakutana chini na lipi, na nani aliingia zamu hiyo. Majibu yote yamo katika vichwa vya wachimbaji, katika lugha yao, na ramani ya halmashauri yenye neno "mgodi" tu haina hata jibu moja.

Mwalo ni neno la hatari kwa namna nyingine. Kwa mvuvi wa Ziwa Viktoria mwalo ni ufukwe ambapo mitumbwi hutia nanga na samaki huuzwa. Kwa mchimbaji ni mahali pa kuoshea na kuchenjulia dhahabu, baada ya mawe kusagwa katika karasha. Mkoa wa Geita una wavuvi na una wachimbaji, na maana zote mbili zi hai ndani yake. Kijana aliyeandika "mwalo" bila maelezo amempelekea bwana afya kitendawili: je, hapo pana samaki, au pana zebaki? Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, na kuyajua mahali zebaki inapochanganywa na mchanga ndio mwanzo wa kuutekeleza. Magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi mkubwa wa Geita ambayo wenyeji huyataka wayachenjue tena, nayo yamegombaniwa miaka mingi.

Kisha yako majina yenyewe. Kisukuma, ambacho ndicho lugha ya sehemu kubwa ya nchi hii pamoja na Kisumbwa na Kizinza, kina sauti za puani zinazotoka kwa pumzi, ziandikwazo nh, mh na ng'h. Bulyanhulu na Nyang'hwale zimehifadhi sauti hizo katika maandishi rasmi. Majina mengine yamenyolewa na makarani. Majina mengi ya mahali huanza kwa Ng'wa-, maana yake "kwa fulani", na karani wa Kiswahili huandika Mwa-: basi Ng'wanholo na Mwanholo ni kijiji kimoja. Tena l na r hazitenganishwi, na ndiyo maana magazeti yaliandika Nyangalata na pia Nyangarata katika habari ya ajali ile ile moja. Msomaji husamehe. Kompyuta haisamehi, kwake hivyo ni vijiji viwili, na ile alama ya ng' huweza kulikata jina vipande.

Nafasi ya kuyanyoosha ilipatikana Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua operesheni ya anwani za makazi, ili kila nyumba ipate jina la njia, namba na postikodi kabla ya Sensa ya Agosti mwaka huo. Vijana wengi waliajiriwa kwa muda kuingia mitaani na simu zao. Kazi ilikuwa kubwa na ilikwenda mbio, na katika mbio kama hizo tahajia hubaki kwa yule aliyeshika simu.

Vyuo vilivyo karibu na ukanda huu si haba: Chuo cha Ardhi Tabora hufundisha upimaji, Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini kina kituo chake Mwanza, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi Kizumbi, Shinyanga. Wanafunzi wa upimaji watajua kutumia kipima-mahali. Wanaokosekana kwa kawaida katika kundi ni wawili: mtu ajuaye Kisukuma kwa maandishi, na mtu wa kamusi. Wa kwanza ataandika jina mara mbili, kama linavyotamkwa na kama lilivyo katika daftari la serikali, na kuziunganisha tahajia hizo kwa namba moja. Wa pili atakaa na wenye maduara kabla simu haijawashwa, atengeneze orodha ya maneno hamsini au sitini ya kazi, kila moja na maelezo yake, ili "mwalo" usiingie bila kusemwa ni upi.

Picha ya angani haiwezi kufanya kazi hiyo. Juu ya midomo ya maduara mengi hujengwa banda la nyasi au turubai ili mvua isiingie. Likitazamwa kutoka kwenye droni, banda hilo halitofautiani na kibanda cha kulala, na mwanafunzi aliyeketi mbali, Dar es Salaam au hata katika chuo cha Marekani, akichora mapaa kwa moyo mwema, atalihesabu kuwa nyumba.