Trekta likigoma kuwaka, usikimbilie kununua stata

Mwezi Oktoba 2023, siku mbili baada ya mvua ya kwanza, trekta la ushirika wetu liligoma kuwaka. Hapa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi, mvua ya kwanza haimsubiri mtu. Shamba lisipolimwa wiki hiyo mahindi yanachelewa, na mahindi yakichelewa watoto wanakuja shuleni tumbo tupu. Hilo nalijua vizuri kwa sababu mimi ni mwalimu na nawaona kila asubuhi.

Trekta lenyewe ni dogo, la dizeli, lenye silinda tatu. Ni mtumba wa Kijapani uliovushwa mpakani Mugina ukiwa umepakwa rangi mpya inayong'aa. Wanachama wa ushirika, karibu wote tuliorudi kutoka Tanzania, tulichanga kwa misimu mitatu ndipo tukalipata. Mimi nilizaliwa katika makazi ya Mishamo, wazazi wangu wakiwa miongoni mwa wakimbizi wa mwaka 1972. Nilisoma huko kwa Kiswahili, nikarejea mwaka 2009. Kwa kuwa kalamu ndiyo jembe langu, wenzangu walinichagua kuwa mweka hazina. Kwa hiyo kila faranga iliyotoka kwa ajili ya trekta hilo ilitoka kwa sahihi yangu.

Nausimulia mkasa huu kwa sababu tulipoteza fedha ambazo hatukupaswa kuzipoteza, na tulimdhulumu kijana asiye na kosa. Najua wasomaji wengi wa ukurasa huu mna trekta, lori dogo au jenereta inayowashwa kwa betri, na wengine mnauza vipuri huku na huku mpakani. Yaliyotupata sisi yanaweza kuwapata ninyi.

Kila mtu akawa fundi

Asubuhi ile dereva wetu, kijana aliyerudi kutoka kambini mwaka 2012, alizungusha ufunguo. Ikasikika "tk" moja, taa ya dashibodi ikafifia, kisha kimya. Akarudia mara tatu. Kimya.

Wa kwanza kutoa hukumu walisema ni mafuta. Mwaka ule dizeli ilikuwa adimu kwetu, watu waliinunua kwa madumu kutoka popote ilipopatikana, kwa hiyo hofu ya mafuta yaliyochanganywa na maji ilikuwa ya kweli. Tukamwaga mafuta ya tangi zima na kusafisha chujio. Halikuwaka.

Wa pili wakasema ni betri, na hapo maneno yakawa makali. Kijana ndiye aliyekuwa akilala na ufunguo. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba betri nzuri imeuzwa na mbovu imewekwa mahali pake. Hakuna aliyepima. Mimi nami nilinyamaza, na kunyamaza kwa mweka hazina ni kama kukubali. Jioni ile kijana alinikabidhi ufunguo bila kusema neno.

Siku ya tatu tukaita fundi, naye akatamka kwamba stata imekufa. Nikatia sahihi. Wenzetu wawili wakavuka hadi Kigoma, wakarudi na stata nyingine ya mtumba kwa bei ya mbuzi wawili, mbali na nauli. Ikafungwa. Ufunguo ukazungushwa. "Tk."

Swali la mzee

Siku ya tano nilimfuata mzee mmoja anayetengeneza redio na pikipiki pale sokoni. Kazi aliijifunza Kigoma, ukimbizini kama sisi. Alikuja na mita ndogo ya kupimia umeme, kipande cha msasa na spana mbili. Kabla hajagusa chochote akaniuliza:

"Mwalimu, mnapowasha, stata inazungusha injini au haizungushi?"

"Haizungushi, mzee."

"Sasa mafuta mliyamwaga kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Swali hilo moja ndilo linalogawa njia. Kama stata haizungushi injini, au inazungusha kwa uvivu, shida iko kwenye betri, nyaya, swichi au stata yenyewe. Mafuta hayahusiki. Kama stata inazungusha vizuri lakini injini haishiki, hapo ndipo unapotafuta habari za mafuta, hita na kifaa cha kuzimia. Sisi tulianza na mlango ambao haukuwa na mgonjwa.

Anza na betri, lakini kwa mita

Betri ya trekta dogo ni ya volti 12. Ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa, mita husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 12 imekwisha, ichajiwe kwanza kabla ya kulaumu kitu kingine. Yetu ilisoma 12.5. Mzee akamwambia mwenzetu ashike ufunguo kwenye nafasi ya kuwasha, yeye akaendelea kupima kwenye vichwa vya betri. Ikashuka kidogo tu, hadi 12.3.

"Betri ni nzima," akasema. "Na haijabadilishwa. Tazameni vumbi na kutu ya vifungio vyake, haikuguswa muda mrefu." Watu wakatazamana.

Betri iliyochoka hushuka sana stata inapodai umeme. Ikienda chini ya volti 9.6 au hivi, ujue ama haina chaji ama imezeeka. Mlio wa "tk-tk-tk-tk" wa harakaharaka mara nyingi ni dalili ya betri dhaifu au vichwa vilivyolegea. Yetu haikushuka, maana yake stata haikuwa inapata umeme wa kutosha. Umeme ulikuwa unakwama njiani.

Umeme ukitoka lazima urudi

Hapa nilikumbuka somo la sayansi la Mishamo: betri, balbu, vipande viwili vya waya. Mwalimu wetu alikata waya mmoja na balbu ikazimika, kisha akaunganisha na kukata ule mwingine, ikazimika vilevile. Umeme hutoka upande wa chanya, lakini sharti upate njia ya kurudi upande wa hasi. Kwenye trekta njia ya kurudi ni chuma chenyewe, yaani injini na bodi, kisha waya mnene unaofunga bodi na kichwa hasi cha betri. Mafundi wengi huuita waya wa ethi.

Mzee akaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini. Ufunguo ukazungushwa. Njia ikiwa safi, mita husoma karibu na sifuri, isizidi nusu volti. Yetu ilisoma 8. Kwa maneno mengine, katika volti 12 zilizokuwepo, 8 zilikuwa zinaishia kwenye kiungo kibovu kabla ya kufanya kazi yoyote.

Akafungua boliti inayoshika waya wa ethi kwenye bodi. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na ile rangi mpya inayong'aa, na juu ya rangi kutu. Aliyelipamba trekta ili liuzike alipaka rangi kila mahali, kisha akafunga waya juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Kwa miezi kadhaa umeme ulipita kwa shida kwenye meno ya boliti, hadi mvua na kutu vikamaliza kazi.

Msasa, dakika kumi, chuma kikang'aa. Boliti ikakazwa, grisi ikapakwa juu. Ufunguo ukazungushwa na injini ikashika mara ya kwanza. Kisha mzee akaichukua stata yetu ya zamani, akaibana chini kwa mguu na kuigusisha nyaya nene za betri. Ikazunguka kwa nguvu. Haikuwahi kufa.

Kama si ethi

Si kila mgomo una sababu hiyo. Yafuatayo ndiyo mzee alinifundisha siku ile na siku zilizofuata, nami nimeyajaribu.

Ukizungusha ufunguo na hakuna mlio wowote, na taa zinaendelea kuwaka vizuri, tazama fyuzi, swichi ya ufunguo, na swichi za usalama. Trekta dogo nyingi hazikubali kuwaka mpaka klachi ikanyagwe na shafti ya nyuma inayozungusha jembe iwe imezimwa. Swichi hizo ndogo hujaa tope. Zisafishe, usiziunganishe waya kwa waya ili kuzikwepa. Zipo ili trekta lisiwake likiwa kwenye gia.

Ukisikia "tk" moja nzito huku taa ziking'aa na viungo vyote ni safi, basi shuku solenoidi ya stata au makaa yaliyokwisha ndani yake. Hapo ndipo stata inafunguliwa, na mara nyingi makaa mapya yanatosha bila kununua stata nzima.

Stata ikizungusha vizuri lakini injini haishiki, hasa asubuhi ya baridi, tazama hita. Maandishi ya matrekta haya ni ya Kijapani na wengi hatuyasomi. Katika matrekta mengi madogo ya zamani ufunguo huzungushwa kwanza kushoto ili kupasha moto plagi za hita, unasubiri sekunde kadhaa, ndipo unazungusha kulia kuwasha. Wapo wanaolaumu injini mwaka mzima kumbe hawajawahi kuupeleka ufunguo kushoto. Tazama pia kifaa cha kuzimia mafuta. Kama ni cha kamba, hakikisha kimerudishwa ndani. Kama ni cha umeme, hakikisha kinapata umeme ufunguo ukiwashwa.

Yanayoua

Ndugu msomaji, usiwashe trekta kwa kuunganisha vichwa vya stata kwa bisibisi huku umesimama mbele ya gurudumu. Njia hiyo inaruka swichi zote za usalama. Likiwa kwenye gia litawaka na kukupanda, na dizeli haizimiki kwa kupigiwa kelele.

Usiweke kitambaa chenye petroli wala dawa ya kupulizia kwenye mdomo wa hewa wa injini yenye hita. Hita nyekundu na mvuke wa petroli vinaweza kupasua injini na kukuunguza uso.

Unapofungua betri anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Ukiazima umeme wa betri nyingine, kibanio cha mwisho kifunge kwenye chuma cha injini mbali na betri, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Ukungu mweupe wa vichwa vya betri uoshe kwa maji ya moto na magadi, macho yakiwa mbali, na usiache maji hayo yaingie ndani ya betri.

Kwa wanaovuka kununua

Wafanyabiashara wanajua sheria ya dukani: kifaa cha umeme kikishauzwa hakirudi. Kwa hiyo pima nyumbani kabla ya kuvuka. Kama kweli stata imekufa, nenda nayo mkononi ulinganishe idadi ya meno, nafasi za boliti na upande inakozungukia. Omba ijaribiwe kwa betri mbele yako. Ukinunua trekta lililopakwa rangi mpya, fungua kila kiungo cha waya mnene na kukwangua chuma kabla hujalipa pesa ya mwisho. Rangi nzuri ni ya muuzaji, chuma kisafi ni chako.

Trekta likikaa kiangazi kizima bila kazi, fungua waya wa hasi na uichaji betri mara moja kwa mwezi. Injini ikiwa inaunguruma, mita kwenye betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12, alternata au dainamo haichaji, na kesho utagomewa.

Deni lililobaki

Jumapili iliyofuata niliomba mkutano. Nilisimama mbele ya wanachama na kumwomba radhi kijana kwa jina lake, kisha nikamrudishia ufunguo. Aliupokea kwa mikono miwili, akasema tu, "Sawa, mwalimu." Yule aliyesema betri imeuzwa alikuwa amekaa nyuma, naye mwishowe akaenda kumshika mkono. Mahindi ya msimu ule yalichelewa kwa siku sita, si zaidi.

Kwa fedha za ushirika tulinunua mita, ambayo bei yake haifiki hata mguu wa mbuzi mmoja. Kijana ndiye anayeitunza, na sasa majirani wenye pampu na jenereta humwita yeye kwanza. Ile stata ya Kigoma ingali ghalani, imefungwa kwenye gunia. Katika daftari la hesabu nimeiandika kwenye ukurasa wa hasara, na chini yake nikaweka jina langu.